Mtutu wa mashindano ya bunduki tatu: inchi 16 au 18?

Mdogo wenu wa Kiboriloni (Houston), kwa sasa Moshi

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Naona mwaka huu wengi tumerudi nyumbani sikukuu kuhesabiwa. Jana stendi ya Moshi mabegi ya magurudumu yalikuwa mengi kuliko mizigo ya ndizi. Mimi nipo hadi tarehe 6, lakini nusu ya akili imebaki Houston, na ndiyo sababu nawasumbua katikati ya sikukuu.

Wanaonifahamu wanajua tangu mwaka jana nimeingia kwenye mashindano ya bunduki tatu: raifo, bastola na shotigani, zote katika mzunguko mmoja, unakimbia huku saa inahesabu. Ukikosa shabaha wanakuongezea sekunde. Raifo yangu ni AR-15 niliyonunua mkononi. Mtutu wake ni inchi 16, mfumo wa gesi ni ule mfupi, mifereji ya ndani inazunguka mara moja kwa inchi 9. Shabaha za karibu nazipiga vizuri tu. Zikivuka yadi 200, aibu.

Kuna duka la mtandaoni limetoa punguzo hadi mwisho wa mwezi na nimebaki na mitutu mitatu kwenye orodha. Wa kwanza ni inchi 16, mwembamba, gesi ya kati. Wa pili ni inchi 18, unene wa wastani, gesi ndefu. Wa tatu ni inchi 20, mnene, chuma kisichoshika kutu, ghali kuliko yote, na kijana wa dukani anaapa huo ndio unaolenga kuliko mingine. Hela si ya kuchezea, Januari nina ada za watoto wawili wa kaka.

Swali la pembeni: baba mdogo wa Machame ameomba nikibadilisha mtutu nimletee ule wa zamani, ana kazi nao ya kuchomelea geti. Inawezekana?

---

Shemeji wa Marangu (Tucson), naye yuko nyumbani

Shemeji, karibu nyumbani. Nimefika juzi, na mtori wa kwanza nimeshaumaliza.

Nianze na geti la baba mdogo, maana hilo ni fupi. Hapana. Kwa sheria ya shirikisho kule Marekani, mtutu peke yake hauhesabiwi kuwa bunduki. Kinachohesabika ni ule mwili wa chini wenye namba, ndiyo maana mtutu unakuja kwa posta mpaka mlangoni. Lakini kuutoa nje ya nchi ni habari nyingine. Ni sehemu ya silaha, unataka kibali cha Wizara ya Biashara ya Marekani kabla haujapanda ndege. Huku nako kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na polisi wa uwanja wa KIA hawatasikiliza hadithi ya geti. Mnunulie bomba hapa mjini.

Sasa mtutu. Huyo kijana wa dukani anakuuzia kitu cha kweli kwa mtu asiyekihitaji. Hesabu kidogo: mafundi wa shabaha wanapima kwa dakika ya pembe, ambayo kwenye yadi 100 ni takriban inchi 1. Bamba la chuma la inchi 10 likiwa yadi 300 lina upana wa dakika 3 na kidogo. Mtutu wa kawaida ulio mzima, wenye risasi nzuri, unaweka kundi la matundu ya risasi ndani ya dakika moja na nusu. Kwa hiyo kwenye bamba lile mtutu unakuachia nafasi nusu nzima. Anayekosa ni wewe, na mimi, kwa sababu tumefika pale tunahema, tumepiga goti kwenye kokoto, na upepo hatukuusoma. Mtutu wa nusu dakika hautakusaidia kuhema polepole.

Tatizo lako kubwa naliona kwenye gesi. Wewe ni mtoto wa kihamba, shamba la ukoo, utanielewa. Ukifungua mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, karibu na chanzo, maji yanakuja kwa kishindo, yanabomoa kingo. Ukiufungua kule chini, maji yaleyale yanaingia shambani taratibu. Bunduki yako ni hivyohivyo. Risasi ikipita kwenye tundu la gesi, sehemu ya ile gesi inarudi kwa mrija na kuisukuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, irudi nyuma. Kwenye mfumo mfupi, tundu liko kama inchi 7 tu mbele ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, shinikizo bado ni kali mno. Bolti inarudi kwa hasira, bunduki inapiga teke, darubini inaruka, na wewe unapoteza muda kuitafuta shabaha ya pili. Mfumo wa kati ni kama inchi 9. Mfumo mrefu ni kama inchi 12, gesi ikifika huko imeshapoa hasira.

Na hapo ndipo inchi 18 zilipopata wapenzi kwenye mchezo huu. Ni urefu ambao mfumo mrefu wa gesi unakaa vizuri na bado mbele ya tundu kuna mtutu wa kutosha kuisukuma bolti mpaka mwisho. Watu husema ni kwa ajili ya mwendo wa risasi. Mwendo upo, ila mdogo: kila inchi inakupa kama futi 25 hadi 50 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya 16 na 18 hutaona muujiza. Unachokiona ni ile alama nyekundu ya darubini kutulia. Mimi nilipohama kutoka gesi fupi kwenda ndefu nilidhani nimepewa risasi za watoto.

Chini ya 16 usithubutu. Sheria ya 1934 inaiita raifo hiyo fupi na inataka isajiliwe. Mtu aliyepokelewa nchi za watu hana sababu ya kukaribia mstari huo.

Unene. Huo ulio nao sasa, mwembamba chini ya kishikio na mnene kuelekea mdomoni, ni umbo la kijeshi, na kwa mchezo wetu ni umbo la kijinga. Uzito umewekwa mbali na mkono, mahali unapouma zaidi ukizungusha bunduki toka shabaha ya kushoto kwenda ya kulia. Ule mnene wa inchi 20 nao utakupa karibu nusu kilo au zaidi ya nyongeza, yote mbele. Ukipiga risasi umelala kwenye mkeka, raha. Ukiwa unapita dirishani na mlangoni, utalia. Mwembamba sana ni mtamu kubeba, ila mizunguko mingine ina risasi 25 au 30 mfululizo na ukipata moto unaanza kuhamisha mahali risasi zinapogonga. Si kila mmoja, uliotengenezwa vizuri hutembea kidogo sana. Wastani ndio jibu, na najua linachosha.

Mifereji. Hapa nina kovu. Nilikuwa na mtutu wa 1 kwa 9 kama wako, nikasikia wakubwa wakisifia risasi za greini 77 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa masafa, nikanunua boksi mbili bila kuuliza. Asubuhi ya baridi, yadi 200, makundi yakafumuka kama kuku walioona mwewe, na mbili ziliingia kwenye karatasi kwa ubavu. Tundu lenye umbo la risasi nzima, na wenzangu wakalipiga picha. Risasi ndefu inataka kuzungushwa haraka ndipo itulie, na 1 kwa 9 inaanza kuchoka ukipita greini 69 hivi. Chukua 1 kwa 8. Itakula greini 55 za bei nafuu kwa shabaha za karibu na 77 za masafa bila ugomvi. 1 kwa 7 nayo si dhambi, jeshi la Marekani liliifuata kwenye raifo yao ya M16A2, lakini sababu zao ni pamoja na risasi ndefu za kuacha mstari wa moto, na wewe huna vita.

Chemba: angalia maandishi kwenye mtutu. Ukiona .223 Remington peke yake, usiweke risasi za 5.56 za kijeshi, shinikizo linaweza kupita kiasi. Ukiona 5.56 au .223 Wylde, zote mbili zinaingia. Wengi kwenye mchezo wanachukua Wylde.

Chuma chenyewe nisikuchoshe. Chuma kisichoshika kutu hulenga vizuri na huchakaa mapema kidogo, uliopakwa kromu ndani unadumu, uliotiwa nitraidi uko katikati. Kwa mtu anayepiga mara mbili kwa mwezi, ada za watoto zitaisha kabla ya mtutu.

Kwa hiyo: wa pili. Ile tofauti ya bei na wa tatu inunulie risasi za mazoezi.

---

Dada wa Majengo (Minneapolis)

Habari zenu kaka zangu. Sijapiga hata manati, ila nina swali. Mimi niko kwa viza ya uanafunzi. Mwenzangu darasani ananiambia nikanunue bastola, eti Marekani kila mtu anaruhusiwa. Kweli?

---

Shemeji wa Marangu

Dada, usimsikilize. Mwenye viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kwa sheria ya shirikisho amekatazwa kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa ana sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kama raia, ila kila jimbo lina yake juu ya hayo. Na fomu ya dukani inauliza hilo swali waziwazi. Ukijaza uongo, kesi si ya bunduki tena, ni ya uhamiaji. Kabla ya dola ya kwanza, ongea na wakili wa uhamiaji. Ukitaka kujaribu, kuna viwanja vya shabaha vya kukodisha bunduki, lakini hata huko muulize wakili kwanza, kuishika tu kunaweza kuhesabiwa.

---

Mzee wa Ngaramtoni

Marahaba wanangu. Mwanangu aliniingiza humu nisome habari zenu, leo nimepata ya kwangu.

Mimi nimekaa kambi za uwindaji wa kitalii miaka mingi, nikitunza bunduki za wageni hapa Arusha kabla hawajaingia porini. Hizo zenu za inchi 18 sizijui. Nazijua .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo bado inafanya kazi yake. Lakini mtutu ni mtutu.

Shemeji amesema mengi na amesahau mdomo. Ule ukingo wa mwisho kabisa, mahali risasi inapoaga chuma, ndio unaoamua inaondokaje. Ukiwa na kovu upande mmoja, gesi inatoroka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Nimeona bunduki ya bei ya gari ikikosa boksi kwa sababu mtu aliisafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele, mwaka baada ya mwaka. Safisha kutokea nyuma, fimbo iongozwe, na kitambaa kitoke mdomoni kisirudi na uchafu. Vumbi letu la Monduli ni msasa, na vumbi la huko kwenu sidhani kama ni poda ya mtoto.

La pili: mtutu mpya na bolti ya zamani hawajafahamiana. Nafasi kati ya bolti na risasi ipimwe kwa geji, au mnunue mtutu na bolti vilivyopimwa pamoja. Fundi asiye na geji mwambie asante na uondoke. Na nati ya mtutu ikazwe kwa spana yenye kipimo, mikono ya mtu ina nguvu tofauti akiwa na njaa na akiwa ameshiba.

La tatu ni swali. Hiyo bunduki inapiga teke dogo, mnasema. Kwa nini basi naona kwenye video mmeziwekea breki mdomoni zenye kelele kama radi?

---

Mdogo wenu wa Kiboriloni

Mzee shikamoo. Umetukamata. Breki inasukuma gesi pembeni ili mdomo usinyanyuke, na katika mchezo unaohesabu sehemu za sekunde watu wanaitaka hata bunduki ikiwa tulivu. Anayeumia ni msimamizi anayesimama pembeni na saa. Vifaa vya kukinga masikio tunavaa wote, yeye anavaa viwili.

Shemeji, nimeagiza jana usiku kwa intaneti ya jirani: inchi 18, gesi ndefu, 1 kwa 8, Wylde, na bolti yake iliyopimwa nao. Nimebakiwa na hela ya boksi kadhaa za greini 55. Mtandao ulikatika mara mbili wakati wa kulipa, nusura nilipe mitutu mitatu.

Baba mdogo amelipokea jibu la geti vibaya. Anasema Wamarekani wanaogopa hata bomba. Nimempeleka mjini kununua chuma cha kawaida, na sasa anasema ni chepesi mno.

Mzee, mimi na shemeji tunapanda Arusha Jumamosi, tutafika Ngaramtoni kama saa tano asubuhi. Ningependa unionyeshe hiyo fimbo inavyoongozwa. Shemeji analeta ndizi, mimi naleta nyama.

---

Mzee wa Ngaramtoni

Njooni. Fimbo ipo. Nyama iwe na mafuta kidogo.