UZI WA HASIRA: Maktaba ya Haskell inayojiita salama imefuta wahusika kwenye tiketi zetu, na kompaila ilikaa kimya

Wakuu, naomba nitoe povu kabla sijapasuka. Jina la maktaba silitaji, wala la mfumo wa tiketi tunaoutumia, maana nikitaja tu mjadala unageuka ushabiki na hoja inapotea. Mnaoijua Haskell, lugha hii ya programu ya kifanksheni, njooni. Msioijua msikimbie, kwani kilichonikuta kinawasubiri na nyie kwenye Scala, kwenye F#, popote watu wanapoichukua API ya wavuti (mlango ambao programu moja huzungumza na nyingine) na kuivalisha aina za data za kupendeza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno. Tuna mfumo wa kufuatilia hitilafu wenye API ya kawaida tu: HTTP, JSON (data iliyoandikwa kwa majina na thamani zake), tokeni ya utambulisho unaweka kwenye heda, maisha yanaendelea. Tiketi zetu zilikuwa na vichwa vya ajabu. Hii imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, ile inaanza na namba ya toleo lililokufa zamani, nyingine ina alama za mshangao utadhani mwandishi alikuwa anakimbizwa. Nikaombwa niandike kijiprogramu kipitie tiketi zilizo wazi, kisafishe vichwa, kirudishe. GET ya kusoma na PATCH ya kubadilisha sehemu tu ya tiketi, basi.

Maktaba niliyoichukua inajinadi kwa maneno mnayoyajua: kila kitu kina aina yake, null (alama ya "hakuna kitu") haina nafasi humu, kompaila (kile kinachokagua msimbo kabla haujaendeshwa) ikikubali ujue programu inafanya kazi. Nikaandika. Kompaila ikapitisha bila onyo hata moja. Nikaendesha. Vichwa vikang'aa. Na kila tiketi iliyoguswa ikabaki haina mhusika, haina tarehe ya mwisho, haina toleo ililopangiwa. Mfumo nao, kwa uaminifu wake, ukaanza kuwatumia watu barua pepe kwamba wameondolewa kwenye tiketi fulani, moja baada ya nyingine. Kuna mwenzetu alipozikuta alidhani ndiyo anaachishwa kazi kistaarabu.

Nikafungua logi nione nini hasa kilitoka kwenda kwa seva. Hiki hapa:

{"title": "Kitufe cha kuhifadhi hakijibu", "assignee": null, "due_date": null, "milestone": null}

Mimi nilijaza kichwa peke yake. Hizo null tatu zimeandikwa na maktaba ambayo ukurasa wake wa kwanza unatangaza kwamba null haina nafasi humu. Jamani!

Twende taratibu, asije mtu akasema sijui ninachoongea. Maktaba inakupa rekodi ya mabadiliko, na kila sehemu yake ni Maybe: ama Just na thamani yake, ama Nothing. Ukitaka kusasisha kichwa unaweka Just kwenye kichwa, kwingine kote unaacha Nothing kwa sababu huna shida na huko. Lakini kwenye PATCH hali ziko tatu. Sehemu inaweza isiwepo kabisa kwenye JSON, maana yake usiiguse. Inaweza kuwepo ikiwa na null, maana yake ifute. Inaweza kuwepo na thamani, maana yake weka hii. Wala si ukorofi wa mfumo mmoja: limeandikwa kwenye RFC 7396 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 2014, ile ya JSON Merge Patch, na API nyingi zinaishi kwa desturi hiyohiyo hata zisipoitaja hati yenyewe. Sasa wageni watatu umewapa nyumba ya vyumba viwili. Mmoja lazima alale nje. Na aliyelazwa nje ni yule wa "usiguse", ambaye ndiye anayehitajika karibu kila mara!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata hawakukaa chini wakachagua. Waliacha mpangilio kama walivyoukuta. Aeson, ambayo karibu kila mtu wa Haskell anaitumia kwa JSON, ina chaguo linaloitwa omitNothingFields, na usipoligusa liko False. Ukiiachia ikutengenezee yenyewe msimbo wa kugeuza rekodi kuwa JSON, kila Nothing inatoka ikiwa null. Kwa data ya kawaida hakuna ubaya, na aeson wenyewe wameliandika wazi kwenye maelezo yao. Kwa PATCH ni balaa. Kuligeuza liwe True kungeokoa tiketi zangu, ingawa hapo shida ingehamia upande wa pili: usingeweza tena kumwondoa mhusika hata ukitaka. Dawa ni kutengeneza aina yenye matawi matatu, Acha, Futa na Weka. Ni mistari michache ya msimbo, kwenye lugha ambayo kutengeneza aina mpya ndiyo fahari yake kuu.

Tena aeson hiyohiyo ina alama mbili za kusomea sehemu za hiari, .:? na .:! ambazo zinatofautiana kwa herufi moja tu ya kibodi. Ya kwanza inachukulia sehemu isiyokuwepo na sehemu yenye null kuwa kitu kimoja. Ya pili inakupa Nothing pale tu sehemu isipokuwepo. Maana yake walioandika aeson tofauti hii waliiona na wakaitengenezea njia. Anayeandika maktaba ya kuzungumza na mfumo wa tiketi, ambako nusu ya kazi ni kusasisha sehemu moja moja, ana kisingizio gani?

Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare alileta rejeo la null mwaka 1965 akiwa anabuni lugha ya ALGOL W, na mwaka 2009 akasimama mbele za watu akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Sisi watu wa fanksheni tunapenda sana kuwarushia wenzetu hadithi hiyo usoni. Haya. Null ya Hoare ukiigusa vibaya programu inakufa palepale na unajua umekufa. Hii ya kwetu ilimaliza kazi salama salimini, ikaniandikia kwamba imefanikiwa.

Nikawaandikia wenye maktaba, kwa heshima zote, na mfano mdogo unaoonyesha tatizo lilivyo. Jibu likaja kwamba hiyo ndiyo tabia iliyokusudiwa, anayetaka tofauti aandike mwenyewe msimbo wa kugeuza rekodi kuwa JSON. Tiketi ikafungwa. Eti niandike mwenyewe! Sasa maktaba nimeichukulia nini?

Na si hilo tu. Hali ya tiketi wameifanya aina iliyofungwa: Open, InProgress, Resolved, Closed, mlango umefungwa. Inapendeza ukiwa unaandika case, kompaila inakukumbusha tawi ulilosahau. Ila mfumo wa tiketi unamruhusu msimamizi aongeze hali zake mwenyewe, na mifumo ya namna hii kufanya hivyo ni jambo la kawaida kabisa. Msimamizi wetu akaongeza hali ya "inasubiri mteja". Tiketi moja ilipoingia humo, ukurasa mzima ukaanguka, kwa sababu orodha inasomwa yote au haisomwi kabisa. Ujumbe wa hitilafu ukataja $[37].status, namba ya tiketi ukaikalia. Ya 37 kwenye ukurasa upi? Na tena ni ya 38 ukihesabu kibinadamu, maana wao wanaanzia sifuri. Tawi moja la ziada linalobeba Text (maandishi tu) lingemaliza mchezo: usiyoijua unaipokea kama ilivyokuja. Hali za tiketi si mali ya mwandishi wa maktaba hata azifungie aina. Anayezimiliki yuko upande wa pili wa waya, na hajawahi kuiona kompaila ya mtu.

Kurasa nazo ni usanii mtupu. Fanksheni ya kuorodhesha inarudisha orodha ya Issue (yaani tiketi), na kinachorudi ni ukurasa wa kwanza tu. API inasema wazi kwenye heda ya Link kwamba kuna rel="next", yaani ukurasa unaofuata, utaratibu ulioko kwenye RFC 8288 ya 2017 na kabla yake RFC 5988 ya 2010. Maktaba inaipokea heda hiyo na kuitupa. "Tiketi zote" na "kipande cha mwanzo cha tiketi" vina aina ileile, kwa hiyo kompaila haina cha kukuambia. Na hawa ndio watu waliotengeneza aina tofauti kwa namba ya tiketi na namba ya mradi ili nisije nikazichanganya!

Either yao, aina yenye Right kwa mafanikio na Left kwa hitilafu, ni ya mapambo. Saini ya fanksheni (tamko la aina inazopokea na kurudisha) inakuonyesha Either ndani ya IO, unaamini kila kibaya kitapitia Left. Mtandao ukikatika katikati inarushwa eksepsheni inayoipita Either juu kwa juu na kuiua programu. Ile 429 ya kuzidisha maombi, iliyowekwa na RFC 6585 mwaka 2012, angalau inaingia kwenye Left, lakini kama stringi tu. Heda ya Retry-After imeshaliwa njiani. Nisubiri sekunde ngapi? Nikisie.

Nyaraka ni saini za fanksheni halafu ukimya. Ukiuliza unaambiwa "fuata aina". Sawa, aina ya Maybe Text ingeniambiaje kwamba Nothing inaondoa watu kwenye kazi zao?

Najua mnaokuja. Yupo wa kusema ningejaribu kwanza kwenye mradi wa majaribio. Nilijaribu, ndugu yangu. Tiketi za majaribio hazikuwa na wahusika wala tarehe, kwa hiyo hakukuwa na cha kufutwa, kila kitu kikaonekana shwari. Yupo wa kusema maktaba ni ya bure na watu wanajitolea. Kweli, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini aliyewalazimisha kuandika neno "salama" kwa herufi nene ni nani? Na yule wa "ndiyo maana natumia Python" nilitaka apite kushoto, ila inaniuma kukiri kwamba hapa ana hoja: kamusi yenye ufunguo mmoja inatuma ufunguo mmoja.

Kwa sasa nimeing'oa yote. JSON ya PATCH naiunda kwa mkono ikiwa na ufunguo ninaoutaka tu, natuma kwa maktaba ya http-client, hali ya tiketi naisoma kama Text, nafuata Link mpaka iishe, na eksepsheni za mtandao nazidaka mwenyewe. Haskell ni ileile, kompaila ni ileile, na msimbo umepungua. Wahusika tumewarudisha kupitia historia ya mabadiliko ambayo mfumo huitunza kwa kila tiketi, kazi ya kuchosha ambayo simtakii mtu. Tarehe za mwisho tulizirudisha kwa njia hiyohiyo, na zingine zilikuwa zimeshapita, ambazo nadhani kuna watu hawakusikitika zilipopotea.

Kama kuna mtu humu anatumia maktaba ya fanksheni ya mfumo wowote wa tiketi ambayo PATCH yake inatofautisha kuacha, kufuta na kuweka, abandike hapa saini ya fanksheni tuione. Saini, si maneno. Na kama wewe ndiye mtunzaji wa maktaba ya namna hii, kabla hujanijibu nenda kaangalie rekodi yako ya mabadiliko inatoa nini ukijaza sehemu moja tu.

NYONGEZA: Aliyeuliza kwa nini sikukwepa yote haya kwa PUT. PUT inaweka rasilimali nzima upya, kwa hiyo lazima utume kila kitu. Sasa mfumo wetu una sehemu ambazo wasimamizi wameziongeza wenyewe, na rekodi ya Issue ya maktaba hii haizijui. Ikisoma inaziacha bila kusema neno. Ukisoma tiketi kwa maktaba hiyo ukairudisha kwa PUT, mhusika atabaki, lakini unaiambia seva kwamba tiketi haina hizo sehemu zingine zote, na tena safari hii hutaiona hata null moja kwenye logi.