TSH ya mdogo wangu wanasema iko sawa ila anazidi kunyong'onyea, shida iko wapi?

Dada Mkubwa: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alijifungua mwaka jana akatoka damu nyingi mno, akaongezewa chupa 4. Kurudi home maziwa hata tone, mama kapika uji wa pilipili manga, supu ya pweza, wapi. Sasa mtoto ana miezi 13 na yeye hajaona siku zake, nywele za kwapa zimepukutika, na Dar hii hii ya joto analala na sweta. Wamempima tezi ya shingo, TSH 1.8 wanasema safi ila T4 iko chini, nesi kasema ni uchovu wa uzazi tu. Hii imekaaje?

Kibarua_74: Hapo kuna mkono wa mtu, msiende mbali.

Mzee wa Maabara: Achana na huyo. Pole sana dada. Iko hivi, haipothalamasi ndo bosi, yuko ndani ya ubongo, chini yake inaning'inia pituitari, kitu kama punje ya njegere nyuma ya pua huko, huyo ndo mnyapara. Tezi ya shingo ni kibarua, T4 (tairoksini) ndo homoni anayotoa. TSH ni kelele za mnyapara, kibarua akizembea T4 ikashuka mnyapara anatakiwa apige kelele TSH ipande juu. Sasa T4 iko chini na mnyapara katulia kimya na 1.8 yake, hiyo sio "safi", ina maana anayeumwa ni mnyapara mwenyewe. Mimba huwa inaivimbisha pituitari, damu ikimwagika ghafla inakosa chakula sehemu inakufa. Sheehan wa Uingereza aliieleza 1937 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Mama Pacha: Kwa hiyo maziwa na siku zake nayo ni huyo huyo mnyapara??

Mzee wa Maabara: Huyo huyo. Prolaktini ya maziwa anatoa yeye, FSH na LH za ovari yeye, ACTH ya kuziamsha tezi za juu ya figo yeye. Na hapa ndo pa hatari, wasikimbilie kumpa vidonge vya tezi ya shingo kabla hawajapima kotiso, homoni ya hizo tezi za juu ya figo, ya saa 2 asubuhi, maana kama kotiso haipo tairoksini inaweza kumwangusha kabisa. Akianza kutapika au presha kushuka ni emajensi, mkimbizeni. Mpelekeni kwa daktari wa homoni na mseme ile damu iliyotoka, watu wengi huwa hawaisemi kabisa.

Dada Mkubwa: MREJESHO: kotiso imetoka chini sana, kaanzishiwa haidrokotizoni ya kufidia kotiso kwanza, tairoksini baadaye, MRI ya kichwa tumepewa tarehe ya mwezi ujao. Mzee asante. Leo siku ya nne, kaamka kabla yangu nikamkuta anafua nepi za mtoto, sweta kaitupa kwenye kiti.