Miche ya nyanya na biringani inanifia kabla na baada ya kupandikiza: ninakosea wapi?

Mkaazi wa Kisauni (11 Februari)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba huku Kisauni, Mombasa, na tangu Desemba nimekuwa nikijaribu kuotesha nyanya na biringani bila mafanikio. Mbegu nilizisia katika madebe ya mafuta ya kupikia niliyoyakata ubavuni. Mkupuo wa kwanza ulichipua siku ya sita, nami nikawa ninaumwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, lakini baada ya juma moja miche ilianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Ukilitazama shina pale linapotokeza udongoni, lilikuwa limenywea likawa jembamba kama uzi, na rangi yake kama maji ya chai.

Mkupuo wa pili ulinusurika. Niliulea barazani kwa majuma manne, kisha nikaupandikiza wote siku moja, saa nne asubuhi. Kufikia alasiri majani yalikuwa yamelala, na siku tatu baadaye yalikuwa na mabaka meupe kama karatasi. Ilibaki miche 9, na asubuhi moja nikakuta minne kati yake imekatwa chini kabisa, imelala kando ya mashina yake kana kwamba imepitiwa na wembe, wala majani hayakuliwa. Maji ninayotumia ni ya kisima cha hapa nyumbani, na yana chumvi kidogo. Duka nililonunua mbegu waliniuzia dawa bila kuniuliza dalili hata moja. Naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Shamba la Mtongwe

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, miche yako imekufa vifo vitatu tofauti, kila kimoja na sababu yake, na ndiyo maana dawa moja isingekufaa.

Kunywea kwa shina na kuanguka ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na viini vya jamii ya ukungu wanaoishi udongoni na kustawi pale unyevu unapokaa usiku kucha na miche ikiwa imesongamana. Mche ulioanguka haufufuki, kwa hiyo kazi yote ni ya kuzuia. Toboa matundu ya kutosha chini ya debe. Changanya mafungu mawili ya udongo, fungu moja la samadi iliyooza hadi haina harufu, na fungu moja la mchanga, lakini mchanga huo usiwe wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi. Umwagie mchanganyiko huo maji yanayochemka, uufunike mpaka upoe, kisha uuache siku mbili upumue. Sia mbegu kwa mistari, kina kisichozidi sentimita 1, na miche ikichipua ipunguze mpaka kila mmoja upate nafasi ya vidole viwili. Kisha acha kabisa kumwagilia jioni. Mwagilia asubuhi, na uache uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Mabaka meupe ni jua. Jani lililolelewa barazani ni laini, halijawahi kukutana na jua la Februari la hapa Mombasa, nawe ulilitoa saa nne, jua linapoanza kuwa kali.

Miche iliyokatwa ni kazi ya sota. Huyu ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo ambaye hutoka usiku, akakata shina, na kabla ya mapambazuko akajificha palepale. Asubuhi utakapouona mche umelala, usiung'oe kwa hasira ukaondoka. Fukua kwa kidole kuuzunguka, kina cha sentimita 2 hadi 5, utamkuta amejikunja kama pete. Kwa mkupuo ujao, zungushia kila mche kola ya karatasi ngumu au kikombe cha plastiki kilichokatwa kitako, sentimita 3 zizame ardhini na 5 zibaki juu. Mahali pa kupanda pawe pamepaliliwa majuma mawili kabla, kwa sababu sota hulelewa na magugu.

Bibi wa Likoni

Mwanangu, aliyoyasema ndugu wa Mtongwe ni sahihi, ila suala la maji hakuligusa, na kwetu sisi tunaotegemea visima maji ndiyo nusu ya kazi. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi, utayaona matokeo: maji hukauka, chumvi ikabaki, na baada ya majuma machache ukingo wa debe hufanya utando mweupe. Mche mchanga hauivumilii chumvi kama uvumiliavyo mche uliokomaa. Kwa kitalu tafuta maji ya mvua au ya bomba, hata kama ni ndoo moja, maana kitalu hakihitaji maji mengi. Ya kisima yaweke kwa ajili ya shamba, na hata huko umwagilie kwa wingi mara chache ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Unga wa makumbi ya nazi nao hufaa sana kulegeza udongo, lakini makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba) yamejaa chumvi ya bahari, kwa hiyo uuoshe mara tatu au nne kwa maji matamu kabla ya kuutumia.

Kuhusu jua, miche huzoeshwa kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Siku 10 kabla ya kupandikiza, itoe nje saa moja asubuhi na uirudishe kivulini saa tatu. Kila baada ya siku mbili iongezee saa moja au mbili, huku ukipunguza maji bila kuiacha inyauke. Usiku wa mwisho ilale nje. Siku ya kupandikiza ngoja saa kumi na moja jioni, mwagilia debe kwanza, uinue mche pamoja na udongo wake, na ukiwa wa nyanya uzamishe shina hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya huota mizizi. Biringani usilizamishe hivyo. Kisha chomeka kuti la mnazi upande wa magharibi wa kila mstari kwa juma la kwanza, na utandaze nyasi kavu, ila zisiguse shina.

Mkaazi wa Kisauni

Ahsanteni sana, na shikamoo bibi. Leo alfajiri mche mwingine ulikuwa umekatwa. Nilifukua kwa kidole, na upana wa kiganja kutoka kwenye shina nikamkuta amejikunja vilevile kama mlivyosema, ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Ukingo wa madebe pia una utando mweupe, nami nilidhani ni chokaa ya ukutani. Je, nisie tena sasa au ningoje masika?

Mlima Mboga, Bamburi

Wengi watakuambia upandikize mvua ikishaanza, lakini mimi siafiki. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, na mche uliopandikizwa siku tano tu zilizopita hauhimili matone yale. Hulazwa, na tope linalorukia majani huleta magonjwa. Sia juma hili, upandikize katika siku za mwisho za Machi, ili mvua kubwa ikute mizizi imeshashika. Inua matuta kiasi cha sentimita 20 ili maji yasituame. Kitalu kifunike kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia, kwa kuwa inzi weupe hubeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya, na mche ulioambukizwa utotoni hauzai kitu. Chandarua hicho hicho kitakuzuilia kuku na kunguru.

Bibi wa Likoni

Kwa nyanya nakubaliana nawe. Ila biringani hukaa kitaluni majuma matano hadi sita, kwa hiyo hilo lisiharakishwe. Na huku ukingoja, mwanangu, sia mchicha, bamia na kunde moja kwa moja shambani, kwani hizo hazihitaji kitalu, na nyumbani patapatikana mboga.

Mkaazi wa Kisauni (7 Aprili)

Nilisia 13 Februari kwa maji ya bomba, nikapandikiza miche 24 ya nyanya tarehe 29 Machi jioni, kila mmoja na kola yake. Miwili ilikatwa, yote ile ambayo kola zake zilikuwa zimeinuliwa na kuku baada ya kuondoa chandarua. Mingine 22 imesimama, na leo asubuhi nilipoondoa makuti niliona katikati ya kila mche jani jipya, dogo kama ukucha, la kijani kibichi. Biringani zimo bado kitaluni, nazo nitaanza kuzizoesha jua Jumamosi.