Mwatuhesabu, mwatupiga picha, kisha mwatoweka. Data ya mtaa wetu iko wapi?

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliobeba tableti za kukusanyia data hiyo, kwa hiyo haya sikuambiwa na mtu.

Watu wa mpango wa mji walikuja kutafuta vijana huku kwetu Kisauni, Mombasa, waliomaliza kidato cha nne na wanaojulikana na wazee wa mtaa. Mafunzo siku mbili, fulana, kadi ya shingoni, kazi ikaanza. Tuliambiwa safari hii mpango wa mji hautachorwa na watu waliojifungia ofisini, utatokana na yale wakaazi watakayosema, na kila kitu kitakuwa cha kidijitali, hakuna karatasi za kupotea. Niliamini. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiyasema maneno hayo kwa mdomo wangu, mbele ya watu waliomjua mamangu kabla mimi sijazaliwa. Ndio maana nina hasira hii.

Wengi mwawaona vijana wakipita na hamjui wanachoandika. Nyumba moja ina maswali kama hamsini. Ukimaliza wapiga picha ya choo, ya mtaro, ya jaa. Kisha watafuta mahali pa wazi usimame juani mpaka GPS itulie, kwa sababu vichochoroni kwetu mabati yamebanana, na ukiharakisha alama yaangukia nyumba ya jirani. Jioni wasaka mtandao, watuma.

Sasa sikilizeni swali la maji. "Maji mwatoa wapi?" Majibu ya kuchagua: bomba la ndani, bomba la nje, kisima, tangi. Yeyote aliyekaa Mombasa wiki moja ajua kilichosahauliwa. Mkokoteni! Nyumba nyingi nilizoingia zanunua maji kwa madumu ya lita 20, yaletwa mlangoni na kijana wa mkokoteni, na kisima, kama kipo, ni maji ya chumvi ya kuoshea tu. Jibu hilo halimo. Basi wabonyeza "Nyingine". Wafika kwenye usafiri, tuktuk haimo, "Nyingine". Watoto wanachezea wapi? Uwanja, bustani au shule. Wetu wanachezea njiani, magari yakipita. "Nyingine". Nilimwambia msimamizi siku ile ile ya kwanza, na sikuwa peke yangu. Akatujibu fomu imeshapitishwa juu, haiguswi. Hasira yangu yaanzia hapo, kwa sababu mji unaosema umemweka mtu mbele ungetuuliza kabla ya kuitunga fomu, si baada ya kuifunga.

Nyumba ya mwisho siku ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja anayekaa na wajukuu. Maswali yalipokwisha akanishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. Akanionyesha ukuta. Kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, vidole vinne chini ya swichi ya taa. Akasema maji ya masika hufika hapo, na kila mara yaingia kwa njia moja, kutoka mtaro wa nyuma ambao ulizibwa mtu alipojenga ukuta juu yake. Alijua yanaanza kuingia baada ya mvua ya muda gani, na nani huamka kwanza kubeba godoro. Injinia angelipwa pesa nyingi kuyajua hayo. Fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika. Nilipiga picha nikayabana maelezo kwenye kisanduku cha "maoni mengine", nikamwambia, "Bibi, hii itafika."

Ripoti ilitoka. Ilizinduliwa katika ukumbi wa hoteli upande wa Nyali, asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo watu wetu wako bandarini, wako sokoni Kongowea, wako kazini. Hakuna mkaazi wa mtaa wetu niliyesikia amealikwa. Mimi niliipata kwa rafiki, kwenye simu: kurasa tele, Kiingereza kitupu, michoro ya duara yenye rangi. Kwenye duara la maji, kipande kikubwa kuliko vyote ni cha kijivu, kimeandikwa "Nyingine". Basi. Maisha yetu yote yamegeuzwa kipande cha kijivu, na hakuna aliyejiuliza mle ndani mna nini. Maelezo ya bibi niliyatafuta mwanzo hadi mwisho. Hayamo.

Masika ikaja. Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa anaanika godoro. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile picha yangu uliyopiga ilikwenda wapi?"

Nikaamua kufuata sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaitaka ofisi ya umma imjibu aliyeomba ndani ya siku 21. Niliandika barua kuomba data ya mtaa wetu, nikaipeleka kwa mkono, nakala yangu ikapigwa muhuri. Siku 21 zilipita zamani, na nimerudi kuulizia mara mbili. Mara ya pili nikaambiwa data ina siri za watu. Siri gani? Sikuomba majina wala namba za simu, hayo najua yalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nimeomba ramani ya mitaro, taa, vyoo vya umma na njia wanazopita watoto kwenda shule. Mtaro uliozibwa si siri ya mtu. Kila anayekaa karibu nao ausikia harufu.

Na msituambie haiwezekani. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakaazi wa kata wakachora mitaa inayofurika, nyumba, njia na mitaro, kisha wakaziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, ambako hata mimi nikiwa Kisauni naweza kuziona bure. Kibera, Nairobi, kabla ya vijana wa hapo kuanza kuichora wenyewe mwaka 2009, kwenye ramani nyingi ilikuwa karibu patupu. Nairobi hiyo hiyo, wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi wakirekodi kila steji, na ramani ya njia zao ikatolewa wazi 2014. Simu na GPS walizotumia, hata sisi tulikuwa na vifaa vya namna hiyo. Tofauti ni kwamba walichokusanya kilirudi mahali kila mtu anapoweza kukiona na kukisahihisha.

Twataka ramani irudi mtaani. Sisemi tovuti, bibi yule ana kabambe, simu ya vitufe isiyo na mtandao. Ichapishwe kwenye turubai kubwa, kwa Kiswahili, itundikwe penye watu, kwenye steji, nje ya zahanati, karibu na msikiti. Mtu aweze kusimama aseme hapa mmekosea, njia hii ilifungwa, mtaro huu hamkuuweka. Kikao kiwekwe Jumapili au baada ya Isha. Na mtaa ukisema twataka mtaro kisha mkaamua kujenga kitu kingine, njooni mtupe sababu usoni. Hilo ndilo linalofanyika kila mara na ndilo linaloniudhi kupita yote: kimya. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Tumejua kuhesabiwa. Kujibiwa bado.

Mimi na wenzangu wanne tuliofanya kazi ile tumeanza kurudi zile nyumba, kwa daftari na kalamu, twaandika yale ambayo fomu ilikataa. Ukuta wa bibi umekuwa wa kwanza. Mstari wa mwaka huu umepita ule wa zamani, sasa uko juu ya swichi.

Kama uko humu na ulibeba tableti Likoni, Changamwe, Jomvu, Mvita au Nyali, jitokeze. Nataka kujua mtaa wako ulibonyeza "Nyingine" kwenye swali gani, na watu walikuwa wanasema nini.