Pokémon iwekewe sauti za waigizaji au ibaki na maandishi? Tulinganishe

PediMkononi
Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu. Pokémon, mfululizo wa gemu, ilianza 1996 kwenye Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi, na hadi leo matoleo yake makuu hayana mazungumzo ya sauti. Hata Legends: Z-A ya 2025, wahusika wanachezesha midomo kimya. Naona njia tatu: ibaki na maandishi, iweke sauti kwenye matukio makubwa tu, au kila mhusika aseme kila neno.

Mimi niko njia ya pili, na aliyenifikisha hapo ni Piers, mhusika wa matoleo ya Sword na Shield (2019). Jamaa ni mwimbaji. Anasimama jukwaani na mikrofoni, muziki unanguruma, mdomo unafunguka, na hakuna kinachotoka. Mara ya kwanza nilidhani spika zangu zimekufa, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kwenye Game Boy sikuwahi kusumbuka hata siku moja, kwa sababu mhusika alikuwa kijipicha kisicho na mdomo. Maneno yakitokea chini ya skrini, mimi mwenyewe nilimpa sauti kichwani. Tatizo limeanza kamera iliposogezwa usoni kama kwenye filamu.

MsomajiHaraka
Mkuu, kwa Piers nakuunga mkono. Ila kama ugonjwa ni kamera, dawa inaweza kuwa kuirudisha nyuma, si lazima waigizaji. Nimecheza gemu nyingine, Fire Emblem: Three Houses, karibu mazungumzo yote yana sauti, na waigizaji wake ni wazuri kweli. Lakini baada ya saa kadhaa nilikuwa namaliza kusoma kabla mtu hajafika nusu ya sentensi, nabonyeza, namkata. Kazi ya mtu inageuka vipande vya maneno.

Halafu tusisahau watoto. Mdogo wangu alishika kusoma kwa sababu alitaka kujua mpinzani wake kwenye gemu anasema nini, na hakukuwa na mtu wa kumsomea. Kidole kwenye skrini, silabi moja moja. Kukiwa na sauti ya kumsomea, sidhani angehangaika vile.

TafsiriKwanza
Niongeze upande wa watengenezaji. Tangu Sun na Moon (2016) matoleo makuu yanatoka kwa lugha tisa au zaidi, Kichina kikihesabiwa mara mbili kwa aina zake mbili za maandishi. Njia ya tatu maana yake urekodi kila kitu kwa kila lugha, au uchague lugha mbili tatu na wengine wasikilize lugha isiyo yao. Na maandishi yakiwa na kosa unayarekebisha jioni hiyo hiyo. Sauti ikishakuwa na kosa, mwigizaji aitwe tena studio.

Hata hivyo anayesema haiwezekani anakosea. Gemu ya Dragon Quest VIII ilitoka Japani 2004 bila sauti, Marekani ikapata yenye sauti 2005. Dragon Quest XI ikapita njia ile ile: Japani 2017 kimya, toleo la kimataifa 2018 kwa Kiingereza, kisha XI S ya 2019 ikaleta Kijapani. Gemu ya Disco Elysium nayo ilianza 2019 na sauti chache, na 2021 maandishi yake yote, zaidi ya maneno milioni moja, yakawa yamesomwa. Kinachohitajika ni muda, na Pokémon haijipi muda kati ya toleo na toleo.

JinaLangu
Mbona hakuna anayezungumzia jina? Pokémon inakuuliza unaitwa nani kabla ya lolote, na jina hilo linaitwa mpaka mwisho. Sauti inalitamkaje? Gemu ya Final Fantasy X (2001), ya kwanza kwenye mfululizo wake kuwa na waigizaji, ilimwachia mchezaji kumpa shujaa jina, matokeo yake hakuna anayemwita kwa jina gemu nzima. Breath of the Wild (2017) ilipouletea mfululizo wa Zelda sauti, ukawa huwezi tena kubadilisha jina la shujaa wake, Link. Gemu ya Fallout 4 ilijaribu kumrekodia roboti Codsworth mamia ya majina, na lako likiwa nje ya orodha anakuita bwana au bibi basi. Popote sauti ilipoingia, jina ndilo lililolipa.

Kwangu hicho ni kitu kikubwa kuliko Piers. Yule bingwa mwishoni akikuita kwa jina ulilochapa mwenyewe siku ya kwanza, unasikia kitu.

PediMkononi
JinaLangu, hapo umenibana. Ila kwenye matukio makubwa sauti inaweza kusema "wewe", na jina likabaki kwenye mazungumzo ya kawaida ya maandishi. Pia, sauti tayari imeshaingia kidogo: kwenye matoleo ya X na Y (2013) Pikachu, yule kiumbe maarufu wa Pokémon, alitaja jina lake kwa sauti ya Ikue Otani, mwigizaji yule yule wa katuni ya Pokémon. Na sijasikia mtu akiomba arudishiwe mlio wa zamani.

MachoMawili
Habari zenu. Mnalinganisha vizuri, ila wote mnazungumza kama watu wanaosoma bila shida. Mama yangu anapenda sana gemu hizi na macho yake yamepungua nguvu. Anakaa karibu na skrini mpaka mwanga unampiga usoni, na kila kisanduku cha maneno kikitokea ananiuliza, "Anasemaje huyo?" Nikitoka chumbani anaweka pedi chini anasubiri nirudi. Kwake njia ya pili haitoshi, maana matukio makubwa ndiyo machache. Anayemwelekeza pango liko wapi ni mwanakijiji wa pembeni.

Asiyetaka sauti azime. Breath of the Wild iliongezewa uwezo wa kuchagua lugha ya sauti tofauti na ya maandishi, kwa hiyo mipangilio ya aina hiyo si ngeni.

MsomajiHaraka
MachoMawili, mama asalimiwe. Kukiwa na kitufe cha kuzima, mimi sina tena pingamizi la kasi. La watoto bado ninalo.