Mjadala: Umeme wa jua kisiwani uuzwe bei ya TANESCO au bei ya gharama yake?

Mwanakisiwa

Wadau, salaam. Naleta jambo ambalo kwetu limegawa watu mwaloni, pale tunaposhushia samaki, hadi wengine hawasalimiani.

Naishi kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe. Kisiwa sikitaji na kampuni siitaji, tujadili hoja. Nguzo za gridi ya taifa hazijavuka maji kuja kwetu. Umeme wetu unatoka kwenye paneli za jua, betri zilizo ndani ya kontena, na jenereta ya dizeli kwa siku za mawingu. Mwenye mali ni kampuni binafsi, sisi tunanunua tokeni kwa simu. Ulipoanza, uniti moja tuliuziwa zaidi ya shilingi 2,000. Wakati huohuo mtu wa kijijini huko bara, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, TANESCO, shirika la umeme la taifa, lilikuwa linamuuzia kwa 100. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza gridi ndogo za binafsi, kama hii yetu, nazo zishuke hadi hapo. Zikashuka. Mwaloni vilipigwa vigelegele, na mimi nilikuwemo.

Sasa wapo wanaosema agizo lile lilikuwa kosa, bei irudi juu. Mimi nakataa, na sababu zangu ni hizi.

Nilikuwa na friza ya kuhifadhi sangara. Friza ile inakula kama uniti moja na robo kwa siku, kwa hiyo kwa bei ya zamani ilinitoka zaidi ya 2,500 kila siku kabla sijauza hata mkia. Niliizima. Nikaitumia kuwekea unga, miaka miwili mizima, huku nikiuza samaki kwa bei aliyotaka mwenye boti la barafu, kwa sababu yeye ana barafu na mimi samaki wangu ikifika saa nane mchana wameanza kulegea. Bei iliposhuka niliisugua kwa sabuni nikaiwasha, na tangu hapo mwenye boti ndiye anayeniuliza mimi bei.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Injini ya mtumbwi wangu inakunywa petroli, na kila lita ya petroli nchini ina tozo inayoingia Mfuko wa Nishati Vijijini, ule wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Wavuvi wa visiwani tumechangia nguzo za vijiji vya bara kwa miaka, lita kwa lita, gizani. Leo ikifika zamu yetu tunaambiwa kila mtu abebe gharama yake?

Fundi wa Nyakato

Dada yangu, friza yako imenigusa. Lakini niruhusu nikwambie nilichokiona kwa macho yangu.

Kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya jua, natoka Mwanza naenda visiwani. Mwaka jana niliitwa kwenye kisiwa kimoja, umeme ulikuwa unakatika saa tatu usiku. Nikafungua kontena. Betri 24 za risasi, kila moja volti 2, zimeungwa kupata volti 48. Nikapima moja moja. Nyingi zilikuwa zinasoma 2.0 na kidogo, nikafika ya kumi na saba: 1.6. Ya kumi na nane: 1.7. Vichwa vyake vimeota ukoko wa kijani na maji yameshuka chini ya sahani. Betri zikiungwa mfululizo, iliyokufa inazivuta na zilizo hai. Nikamwambia msimamizi hizi zibadilishwe zote, kuchanganya mpya na kuukuu ni kuua mpya. Akaniuliza kwa pesa gani.

Paneli inakaa miaka 25. Betri ya risasi inayofyonzwa kila usiku, ukiitunza sana, ni miaka michache tu. Ile ya lithiamu inakwenda mbali zaidi, ila kuinunua ni mtaji mzito. Pesa ya betri ijayo hutengwa kutoka kwenye tokeni za leo. Ukiuza 100 hutengi kitu, unakula mtambo.

Halafu tusisahau tulikotoka. Kabla ya gridi ndogo, kuchaji simu janja kibandani ilikuwa 300. Uniti moja inachaji simu kama hizo hamsini hivi. Piga hesabu: mlikuwa mnanunua uniti kwa shilingi 15,000 na hakuna aliyeandamana.

Mwanakisiwa

Kaka Fundi, hata kwetu taa zinazimika saa nne. Sibishi. Ila kosa naliona kwingine: bei ilishushwa, pengo halikujazwa. TANESCO wanauza 100 kijijini kwa sababu wapo wateja wengine wanaolipa 292 wanaowabeba wale wadogo. Kampuni ya kisiwani haina wa kuibeba. Pengo lile lijazwe na mfuko tunaouchangia, uniti kwa uniti, na fungu la betri liwekwe akaunti ya peke yake isiyoguswa.

Na hesabu yako ya simu si ya haki. Simu unachaji mara moja kwa siku. Friza hailali.

Mkerewe Ughaibuni

Niko Scotland, nimesoma haya yote nikakumbuka kisiwa cha Eigg, pwani ya magharibi huku. Watu kama mia moja. Mwaka 1997 wakazi walikinunua kisiwa chenyewe kutoka kwa mmiliki wake kupitia taasisi yao. Waya wa bara haukuwafikia, kila nyumba ilikuwa na jenereta yake ya dizeli inayonguruma jioni. Februari 2008 wakawasha gridi yao: maporomoko ya maji, upepo na jua kwa pamoja, na dizeli ya akiba.

Uniti yao ilianza ikiwa ghali kuliko ya bara. Walilipa. Na wamejiwekea sharti: nyumba moja haivuki kilowati 5 kwa wakati mmoja, biashara 10. Kwa hiyo mtu akitaka kuwasha birika anaangalia kwanza mashine ya kufulia imezimwa. Mvua na upepo vikizidi, umeme wa ziada unapelekwa kupasha joto majengo ya umma.

Wanavumilia kwa sababu kampuni ni ya kwao. Vitabu wanavifungua wenyewe, betri zikichoka wanajua kwenye akaunti kuna nini. Mimi swali la bei naliona la pili. La kwanza ni nani anashika ufunguo wa lile kontena.

Binti wa Chake

Kaka wa Scotland, hao wa Eigg walipata misaada mikubwa ya kujenga, hawakuchanga kila kitu mfukoni. Tusiwafanye mfano kana kwamba walianza na jembe.

Mimi ni Mpemba, nilikuwa Unguja kwa masomo miaka ile umeme wa waya wa baharini ulipokatika. Kwanza Mei 2008, karibu mwezi mzima. Kisha Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima giza. Pampu za maji zilisimama. Tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri kuwahi kisima na ndoo mbili mbili, na kila duka lenye uwezo lina jenereta mlangoni, moshi mtupu mpaka nguo za kwenye kamba zinanuka. Bei ya uniti wakati ule haikuwa tatizo letu. Na sisi Pemba tangu 2010 tunategemea waya unaotoka Tanga.

Kwa hiyo ninyi wa ziwani, msililie nguzo za bara mkaacha mtambo wenu ufe. Siku mkipata waya, mtambo ubaki.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nyote mnazungumza uniti kama vile uniti zote ni sawa. Uniti ya saa saba mchana na uniti ya saa tatu usiku ni vitu viwili.

Ikifika saa sita jua liko utosini, betri zimejaa, na paneli zinazuiwa zisitoe kwa sababu hakuna anayetumia. Umeme ule unapotea bure. Usiku kila uniti inatoka kwenye betri, ndiyo inayokula uhai wake. Sasa kwa nini ziuzwe bei moja? Kijijini kwetu mashine ya kusaga inaanza kazi saa kumi na moja jioni watu wakitoka shamba, wakati jua linazama. Weka bei ya chini sana kuanzia saa nne hadi saa tisa, mashine itafunguliwa mchana, barafu itagandishwa mchana, pampu itajaza tangi mchana. Usiku, uniti chache za mwanzo za taa na redio zibaki 100 kwa kila nyumba, anayetaka zaidi alipe inavyostahili.

Dada wa friza, friza yako ukiigandisha barabara mchana na usipoifungua fungua usiku, samaki wataamka salama.

Na lipo jambo wengi hawalijui. Kanuni za miradi midogo ya umeme zilipowapa wenye mitambo ya chini ya kilowati 100 ruhusa ya kujipangia bei bila idhini ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ziliweka pia mlango kwa mteja: asilimia 15 ya wateja wakipeleka malalamiko, EWURA ingeweza kuipitia bei hiyo. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya watu kama ninyi, hakikisheni tu kanuni za sasa bado zinauacha wazi.

Fundi wa Nyakato

Mwalimu, hapo kwenye mchana na usiku nakuunga mkono mia kwa mia. Zipo mita za gridi ndogo zinazoweza kupangiwa bei kwa saa. Kwa hizo si kununua kifaa kipya, ni kubadilisha mpangilio. Betri zikipumzishwa mzigo wa mashine jioni, hata zile zilizochoka zitajikongoja kidogo.

Lakini pesa ya kubadilisha bado itatakiwa. Hilo sitachoka kulisema.

Mwanakisiwa

Mwalimu, shikamoo. Sikuwahi kuliwaza hili la saa. Nilikuwa naishikilia ile 100 kama kamba ya nanga kwa sababu niliogopa kurudi kwenye 2,000.

Kwetu wateja wenye mita ni 180. Asilimia 15 ni saini 27. Barua yetu kwa EWURA itaomba bei ya mchana na ya usiku zitenganishwe, uniti za taa zibaki 100, na kila miezi mitatu tusomewe mkutanoni fungu la betri lina kiasi gani. Jumapili wavuvi hawaendi ziwani, nitaanza na wenye mashine za kusaga, wale wawili wasiosalimiana.