Tupeane uzoefu: siku uliyopima VVU, nini kilifuata?

Mwanzisha mada: Wapendwa, tusimuliane bila kufichana. Naanza mimi. Nilipima wiki mbili tu baada ya kufanya ngono bila kinga, kikatoka kistari kimoja, nikaondoka nikijiona nimevuka. Mshauri alisisitiza nirudi baada ya miezi 3, kwa kuwa kipimo kile cha tone la damu kidoleni hutafuta kingamwili, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Nikarudi shingo upande. Mstari wa pili ulianza kama kivuli, ukakolea huku nautazama. Dawa nilianza siku ileile. Leo virusi havionekani kwenye damu, na akiwa hivyo mtu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Mke wangu kila akipima hana.

Dada wa Zamu: Mimi nilijichoma sindano kazini. Nikavua glovu, nikaosha kidole kwa maji tiririka na sabuni bila kukikamua, nikakimbilia PEP, zile dawa za dharura za kuzuia maambukizi ya VVU. Zikipita saa 72 umechelewa. Vidonge siku 28, na kichefuchefu cha kutosha. Nilivimaliza vyote. Majibu ya mwisho: sina.

Mama Pacha: Niligundulika kliniki ya wajawazito. Niliwalilia watoto kuliko nilivyojililia. Nikameza ARV kila siku, wao wakapewa dawa ya maji tangu kuzaliwa, wakapimwa PCR (kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe) wiki ya 6, wakapimwa tena baada ya kuacha ziwa. Hakuna mwenye virusi. Niliwanyonyesha wote wawili, kwa ushauri wa wataalamu, na sijutii.

Nimerudi: Naona aibu, lakini nasema. Nilipoambiwa virusi havionekani nilidhani vimekwisha, nikaacha dawa. Kumbe vilikuwa vimebanwa tu, vimejificha ndani ya seli. Baada ya miezi vikapanda, nikakonda, usiku nalowa jasho shuka zima. Kilichonichelewesha kurudi ni hofu ya kugombezwa. Muuguzi alifungua faili langu, akalitazama, akaniuliza taratibu: "Umekula leo?" Nikalia palepale. Tukaanza upya.

Mwanzisha mada: Nimerudi, pole na asante sana. Tafadhali eleza zaidi siku ile ya kurudi: ulisema nini mlangoni, walikupima nini kwanza? Wapo walioacha dawa ambao hawajui kama watapokelewa, na wanasoma hapa.